Bei Nafuu na Haki ya Mwenye Duka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.



Je, Muislamu anapata dhambi akimwacha mwenye duka jirani yake, ambaye huenda wanaswali safu moja, akaenda kununua katika supamaketi mpya kwa sababu tu bei ya huko iko chini? Swali hili niliulizwa likizo iliyopita nyumbani Busia, upande wa Uganda. Supamaketi ya bei nafuu ilikuwa imefunguliwa kando ya barabara kuu, na kipaza sauti chake kilitangaza mchana kutwa kwamba hakuna anayeuza rahisi kuliko wao. Wapo waliosema ni neema, na wapo waliosema kununua huko ni haramu kwa sababu ni kuwaua ndugu zetu. Kila upande ulikuwa na Hadithi yake. Mtu anayesomea dini akirudi nyumbani, maswali ya aina hii humsubiri mlangoni.

Nimeona niliandike jibu langu hapa, maana wengi wetu tunatoka miji midogo kama Busia, na hata tukiwa chuoni tunanunua kwa njia hizo hizo mbili: kwa fedha taslimu pale penye bei ya chini, na kwa mkopo pale tunapojulikana.

Nilichokikuta

Kabla ya kusema lolote nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilikwenda na dada yangu, tukachukua vitu vitano ambavyo nyumba yetu hainunui kwa anasa: kilo ya sukari, kilo ya mchele, lita ya mafuta ya kupikia, mche wa sabuni na kilo ya unga wa mahindi. Bei za duka la jirani tulikuwa tumeziandika tayari. Sukari ilikuwa shilingi 4,200 dukani na 3,900 supamaketi. Mchele ulikuwa 5,000 dhidi ya 4,500, mafuta 8,500 dhidi ya 7,800, sabuni 5,000 dhidi ya 4,600. Unga ulikuwa 2,500 kote kuwili. Jumla ya duka ilikuwa 25,200 na ya supamaketi 23,300. Tuliokoa shilingi 1,900.

Lakini tulipanda boda boda, 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa hiyo safari ile ilitupa hasara ya shilingi mia moja. Anayenunua mahitaji ya mwezi mzima kwa pamoja atafaidika kweli. Anayenunua ya leo kwa ajili ya leo hafaidiki, na watu wa namna hii ndio wengi mtaani kwetu. Mama anayeuza ndizi hununua robo ya sukari na mafuta ya kupimiwa kwenye kikombe. Supamaketi haipimi robo. Kilo imefungwa kwenye mfuko, ukiwa na pesa ya robo utabaki kuitazama.

Niseme na mazuri yake. Mahali ni pasafi, bei zimeandikwa, huhitaji kubembeleza, na kilo ni kilo. Hili la mwisho tusilipite haraka. Tunajua wapo wenye maduka ambao mizani yao ina ugonjwa wa kudumu, na tunajua wapo wanaoificha sukari Shaabani inapoanza ili waitoe Ramadhani kwa bei nyingine. Surat Al-Mutaffifin haikumwachia mpunja vipimo kwa sababu duka lake ni dogo au kwa sababu ni jirani yetu. Ikiwa ushindani utawafanya hawa waitengeneze mizani yao, basi hiyo nayo ni kheri.

Kuuza rahisi kuna kosa?

Tuanze na anayeuza. Wale waliosema ni haramu walitegemea Hadithi ambamo Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye. Hadithi ni sahihi, lakini maana yake sivyo ilivyochukuliwa. Maulamaa wamelieleza katazo hili kwa mtu ambaye amekuta wawili wameshakubaliana, na mnunuzi bado ana hiari ya kuvunja, naye akamwambia, "Rudisha hicho, mimi nitakupa kama hicho kwa bei ya chini." Huko ni kuingilia mapatano yaliyokwisha kufungwa. Kufungua duka karibu na duka si jambo hilo. Abdurrahman bin Awf (R.A.) alipohamia Madina hali hana kitu, ndugu yake wa Kiansari alimpa nusu ya mali yake. Hakuichukua. Aliomba aonyeshwe soko, akaenda soko la Banu Qaynuqa, akaanza kwa jibini na samli. Alikuwa mgeni, akaingia katikati ya wenyeji, na hakuna aliyesema amewaibia wateja.

Vilevile bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie, naye akakataa. Alieleza kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji wa bei, mwenye kubana na kukunjua riziki, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Hadithi hii imepokewa na Anas (R.A.). Ukiitafakari utaona kwamba hata kumlazimisha mfanyabiashara bei kunaweza kuwa dhuluma.

Lakini kuna tukio jingine linaloligusa jambo letu moja kwa moja. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimpitia Hatib bin Abi Balta'a (R.A.), Sahaba aliyepigana Badr, akiuza zabibu kavu sokoni kwa bei ya chini. Umar akamtaka ama apandishe bei ama aondoke katika soko lao. Hiki ndicho walichokisema wale wa Busia, na wana Imam mkubwa nyuma yao. Malik aliona kwamba mmoja akivunja bei ya soko zima anawadhuru wengine, na soko lina haki ya kumzuia.

Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, aliipokea habari hiyo ikiwa na sehemu ya pili. Umar alikuwa amesikia kuna msafara wa zabibu unakuja kutoka Taif, akachelea kwamba wenye msafara wangebanwa na bei ya Hatib. Baada ya kusema yale aliyoyasema alirudi nyumbani, akajihesabu nafsi yake, kisha akamfuata Hatib nyumbani kwake. Akamwambia kuwa maneno yale hayakuwa amri wala hukumu. Lilikuwa ni jambo aliloliona lina kheri kwa watu wa mji. Basi auze popote apendapo na namna apendavyo.

Mimi nimekaa na habari hii muda mrefu. Umar hakusema kwamba wasiwasi wake ulikuwa wa upuuzi. Aliendelea kuamini kwamba kuwafikiria wale wa msafara ni kheri. Alichokiondoa ni kuigeuza kheri ile kuwa sheria juu ya mali ya mtu mwingine. Kwa hiyo tuna mambo mawili tofauti: liko lile ambalo mtu anaweza kulazimishwa, na liko lile analopaswa kujiuliza mwenyewe akiwa na Mola wake. Bei ya chini haipo katika la kwanza. Anayetaka kuharamisha sukari ya 3,900 hana dalili ya kutosha.

Hata njia ya kushusha bei inaweza kuwa safi kabisa. Kampuni ya Kijerumani ya Aldi, ambayo ni mfano mkubwa wa maduka haya duniani, ilitokana na duka dogo ambalo mama mmoja alilifungua mjini Essen mwaka 1913. Wanawe, Karl na Theo Albrecht, walipunguza aina za bidhaa, wakaziacha ndani ya maboksi yake badala ya kuzipanga, na wakaajiri watu wachache. Gharama ikipungua namna hiyo, bei hupungua bila ya kumwibia mtu. Na sisi wa Busia ndio wa mwisho kujifanya hatujui kutafuta bei ya chini. Shilingi ya Kenya na ya Uganda zikipishana kidogo tu, mama zetu wanajua leo sabuni inunuliwe upande upi wa mpaka.

Wako pia waliouliza kuhusu rafu ya pombe iliyomo ndani ya supamaketi ile. Kununua kitu cha halali kwa mtu ambaye mali yake imechanganyika kumeruhusiwa na maulamaa wengi. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifanya biashara na Mayahudi wa Madina. Muislamu na anunue sukari, aipite rafu ile, na akitaka nyama aulize imechinjwa na nani.

Daftari

Baada ya supamaketi nilikwenda kwa Hajati mwenye duka la mtaani kwetu. Nilitaraji atanilalamikia bei. Nilimsalimu, nikamuuliza biashara inaendaje tangu wale wafungue.

"Mwanangu, bei yao mimi siiogopi," alisema. "Nikiweza nitaishusha yangu, nisipoweza riziki ni ya Mungu. Mimi naogopa hawa."

Akatoa daftari chini ya meza. Lilikuwa daftari la shule, limechakaa pembeni, lina majina. Sukari nusu. Mafuta kikombe. Mkate na maziwa. Mchele kilo mbili, kuna wageni. Baadhi ya majina niliyajua vizuri.

"Huyu, na huyu, na huyu, wameshapata mshahara. Nawaona wanapita hapa na mifuko ya kule. Wananisalimia vizuri sana."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona kwamba swali tulikuwa tunaliuliza vibaya. Tulibishana kama mtu ana ruhusa ya kupeleka pesa yake anakotaka. Hatukuuliza kama pesa ile ni yake.

Katazame Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Imekuja kuhusu nini? Kuhusu kuandika madeni, dogo na kubwa. Daftari la Hajati, kwa kalamu yake ya shilingi mia tano, liko ndani ya amri hiyo. Aya ya 280 imemtaka mwenye kudai ampe muda mdeni aliye katika dhiki, na Hajati anafanya hivyo, maana kurasa za nyuma nilizoziona zina majina ambayo ameshaacha kuyataja. Upande wa pili, Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa huko ni kudhulumu. Na kuna janaza ambayo hakuiswalia mwenyewe, akawaambia Masahaba wamswalie mwenzao kwa sababu alikuwa na deni na hakuacha cha kulilipa, mpaka Abu Qatada (R.A.) akalibeba deni lile.

Kukopa si aibu. Mtume wetu (S.A.W.) alinunua chakula kwa mkopo kwa Yahudi mmoja na akaweka rehani deraya yake ya chuma, na alifariki deraya ile ikiwa bado ipo rehani kwa ajili ya shayiri. Aibu iko kwingine. Katika fiqhi, bei ya bidhaa usipoiwekea muda huwa imeshafika wakati wa kulipwa. Na ada ya watu ikijulikana huchukuliwa kuwa ni sharti. Ada ya miji yetu ni mwisho wa mwezi. Basi anayepita mbele ya duka mwisho wa mwezi, mfukoni ana mshahara na mkononi ana mfuko wa supamaketi, deni lake limeshafika. Kila noti aliyoitoa kule ilikuwa na mwenyewe huku.

Mtu atasema: "Lakini Hajati anauza ghali. Shilingi mia tatu kwa kila kilo ya sukari, si ananinyonya?" Tuipime hoja hii kwa haki. Maulamaa wengi wameruhusu bei ya mkopo iwe juu ya bei ya taslimu, mradi bei moja ikubaliwe tangu mwanzo na isiongezeke mdeni akichelewa. Hajati hata hilo halifanyi. Bei yake ni moja kwa anayetoa pesa na kwa anayeandikwa. Ile mia tatu inalipia robo anayokupimia, usiku anaokufungulia mgonjwa akihitaji uji, na wiki tatu anazosubiri bila riba. Ukiwa na pesa, gharama hizo unaziona ni unyonyaji. Ukiwa huna, ndizo zinazokulisha. Supamaketi haikosei kutokukopesha, maana haikujui. Lakini huwezi kuzilinganisha bei mbili kana kwamba zinauza kitu kimoja.

Tena tusisahau kwamba wakubwa hawa huja na huondoka. Uchumi ilifunga maduka yake ya Uganda mwaka 2015. Nakumatt ikafunga ya kwake mwaka 2017. Shoprite ikatangaza kuondoka mwaka 2021. Duka dogo likifa katika miaka hiyo ya bei nafuu, supamaketi ikifunga mlango hakuna daftari la kurudia.

Supamaketi nayo ina la kujibu

Tusimhukumu mnunuzi peke yake. Katika supamaketi ile nilikuta maziwa ya unga yenye punguzo kubwa, na nilipoligeuza kopo nikaona siku zilizobaki kabla ya mwisho wa matumizi hazifiki kumi. Hapakuwa na maandishi ya kueleza hilo. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni na vidole vikapata unyevu, alimtaka mwenye nafaka auweke juu ule uliolowana ili watu wauone, kisha akatoa onyo kali kwa anayeghushi. Kuuza bidhaa inayokaribia mwisho si haramu. Kuiuza kimya kwa mama ambaye hasomi tarehe ni kuuficha unyevu chini ya chungu.

Pia chenji ya shilingi mia mbili nilipewa peremende mbili bila kuulizwa. Utacheka, lakini Surat An-Nisaa, Aya ya 29, imeijengea biashara juu ya kuridhiana, na mimi sikuridhia peremende. Watu mia tano kwa siku wakichukuliwa mia mbili, hesabu si ya kitoto. Na wale vijana wa keshia, wanaosimama tangu asubuhi, Muislamu aliye miongoni mwao anaachiwa muda wa Ijumaa? Bei ikishushwa kwa kukata aina za bidhaa hakuna tatizo. Ikishushwa kwa kukata haki ya mfanyakazi, sisi wanunuzi tunapaswa angalau kuuliza.

Tufanye nini sasa?

Rai yangu ni hii. Kununua kwenye supamaketi ya bei nafuu ni halali, na asiye na deni popote aende bila wasiwasi, hasa mwenye familia kubwa na kipato kidogo. Asiwepo wa kumtisha kwa Hadithi zisizokuwa mahali pake.

Mwenye jina katika daftari alipe kwanza. Akiwa hana zote, alipe sehemu, na aseme kwa mdomo wake lini atamaliza. Kumwambia mwenye duka, "Hajati, mwezi huu nitanunua mchele kule, lakini la kwako hili hapa," ni uungwana, na humwachia heshima yake na yako. Kumkwepa kwa kupitia njia ya nyuma ni kuongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Mwenye wasaa abakize kitu kwa jirani. Hapa sisemi tena habari ya wajibu. Nasema ihsani, ile kheri ambayo Sayyidna Umar aliiona lakini hakuilazimisha. Jibril (A.S.) alimuusia Mtume (S.A.W.) kuhusu jirani mpaka akadhani atamrithisha. Kati ya kumrithisha jirani na kumnunulia mkate wa kila siku kuna nafasi kubwa, nasi hatutashindwa kupata mahali pa kusimama.

Na sisi wanafunzi tujitazame. Kila geti la chuo lina mama wa chapati, kijana wa maandazi na duka linaloandika majina. Mwanzo wa muhula pesa za matumizi zikiingia kwenye simu, wengi hupanda gari kwenda mjini kununua kwa wingi na kwa bei ya chini. Wiki ya kumi tunarudi getini na kusema, "Mama, niandikie." Wengine hata humaliza shahada, wakavaa joho na kupiga picha, jina likabaki kwenye daftari la mama ambaye hajui hata mji wanakotoka. Viongozi wa jumuiya yetu wanaweza kulitangaza hili kila Ijumaa ya mwisho wa muhula: kabla hujapanda basi, pitia getini. Tangazo hilo halina gharama, na huenda likawa bora kuliko darsa nzima ya fiqhi ya biashara.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na mzigo wa madeni, awakunjulie riziki wanaotuvumilia tukiwa hatuna, na atujaalie tuwakumbuke tunapopata. Amin.

Wallahu a'lam.